Kukalia Mhuri

Korongo mwenyewe, glaida yetu isiyo na injini, alikuwa ameshasema ni mzima. Kwenye kishikwambi changu mstari wa kijani ulinyooka kutoka ncha ya bawa la kushoto mpaka ncha ya bawa la kulia, mita kumi na sita, bila doa. Nyuzi za hisia zilizofumwa ndani ya katani yake hazikuwa na malalamiko yoyote. Huko mijini kazi ingeishia hapo. Fundi angeweka kiganja kwenye sahani ya mhuri, kufuli ya usukani ingefunguka, na glaida ingerudi angani kwa siku tisini nyingine.

Sisi wa mlimani sheria yetu bado ina kifungu cha sikio. Nikatoa mfukoni sarafu yangu, moja ya zile za zamani, za enzi ambazo watu walilipana kwa mkono, nikaanza kugonga bawa kidogokidogo. Ti. Ti. Ti. Bawa lililoshikamana vizuri hulia kama sahani ya udongo.

"Mama Tunu, bado unabisha hodi?" Bwana Hozza aliuliza kutoka mlangoni, kikombe cha chai mkononi. Yeye ndiye mkuu wa karakana yetu ya Kwetango, mwenye maneno mengi na mikono mizuri. "Humo ndani hamna mtu."

"Nabisha tu. Akiitika nitakuita."

"Muulize kama ana sukari. Yangu imeisha."

Tunu, binti yangu wa miezi saba, alikuwa amelala chini ya meza kwenye kreti ya gundi niliyoitandika kanga. Nilikuwa nikigonga huku namtupia jicho. Nikafika kwenye kiraka nilichokibandika mwenyewe mwezi wa tatu, baada ya mvua ya mawe.

Tu.

Nikarudi nyuma shubiri moja. Ti. Nikasogea mbele. Tu. Sauti fupi, kama kugonga boga.

Nikachukua chaki. Kila sauti ilipobadilika niliweka alama, nikaenda hivyo hivyo kuzunguka kiraka, na alama zilipokutana sikupenda umbo nililoliona. Nikalifuta kwa kiwiko.

"Bwana Hozza, nisaidie tumtoe nje."

"Kwenye ukungu huu?"

"Ndio ninaoutaka."

Akaniangalia, kisha akaweka kikombe chini. Katani na gundi vikishikana vizuri, bawa zima hupoa pamoja na hupata joto pamoja. Palipoachana, ngozi ya juu hubaki peke yake, nyembamba, na jua likipiga, hapo ndipo umande hukauka kwanza. Ni kipimo cha zamani na hakiandikwi kwenye kitabu chochote. Bwana Hozza alinifundisha wiki yangu ya kwanza kazini.

Tukamsukuma Korongo mpaka uwanjani, karibu na winchi, pale majabali yanapokatika na chini yake hakuna kitu mpaka tambarare. Ukungu ukamlowesha. Nilimnyonyesha Tunu nikiwa nimekaa kwenye ngazi. Saa nne jua likapasua, dakika chache tu, na zilitosha.

Bawa lote lilikuwa jeupe kwa umande. Juu ya kiraka changu palianza kukauka vidole vinne, halafu gumba, halafu kitako cha kiganja.

Ulikuwa mkono wangu.

*

Mwezi wa tatu Tunu alikuwa na miezi minne na ngozi yake ilikuwa imechubuka na baridi. Kila asubuhi nilimpaka mafuta ya nazi mwili mzima, nikamfunga mgongoni, nikaja kazini. Glovu zilikuwa zimeisha wiki ile. Nilinawa, nakumbuka nilinawa, kwa maji baridi na haraka, kwa sababu mawe yalikuwa yametoboa mabawa matano na watu walikuwa wanasubiri. Maji baridi hayaondoi mafuta ya nazi. Huyagandisha tu. Nikatandaza katani mpya kwa kiganja, nikaibonyeza vizuri ilale, kama ninavyombonyeza mwanangu tumbo akiwa na gesi. Nyuzi za hisia hazikuona kosa, maana hakuna kilichokatika. Bawa letu linajua likiumia. Halijui lisiposhikana.

"Mangapi?" Bwana Hozza aliuliza. Utani wote ulikuwa umemtoka.

"Yote matano. Wiki ile ile."

"Na Hondohondo, glaida ya sita, yuko tambarare hana usukani."

"Ndiyo."

"Yaani mlima mzima, Rukaiya."

Akiniita jina langu najua mambo ni mazito. Barabara ya kushukia tambarare iliporomoka nikiwa darasa la tano. Ikajengwa, ikaporomoka tena, ikaachwa. Tangu hapo ni glaida. Winchi inakuvuta mpaka ukingoni, unaachia, na dakika kumi na moja baadaye uko uwanja wa hospitali. Mchana tambarare ikipata joto, upepo unaopanda majabali unazirudisha juu, tupu au na mzigo. Vijiji tisa vinategemea glaida sita. Kwa miguu ni siku mbili, ukiwa na miguu.

Bwana Hozza alizunguka bawa mara mbili. Ule mkono ulikuwa umeanza kupotea, jua lilikuwa linakausha na kwingine.

"Sikiliza, mwanangu. Leo Jumanne. Ijumaa Sabina anashuka kujifungua. Daktari ameshasema, isipite Ijumaa, pacha mmoja amekaa mkingamo."

"Najua. Ni shoga yangu."

"Ukiripoti, kufuli za glaida zote tano zinafunga papo hapo. Kutengeneza tunahitaji joto la digrii hamsini, saa kumi mfululizo. Blanketi la kukaushia linataka umeme, na mwezi huu jua letu haliwashi hata taa mbili. Ukungu hauondoki mpaka wiki ijayo, ukiondoka." Akagusa kiraka kwa kidole. "Korongo ameruka na kiraka hicho siku tisini. Safari arobaini na kitu. Ataruka moja zaidi. Sabina ashuke, Jumamosi tunamfungua kimya kimya, tunakwenda bawa moja baada ya jingine. Nani ataumia?"

"Na Ijumaa nani atakalia?"

"Mimi. Kama siku zote."

Alilisema hilo kwa upole, na ndilo lililonichoma. Kwetu fundi akishaweka mhuri hukaa kiti cha nyuma kwenye safari ya kwanza. Tunaita kukalia mhuri. Haimo kwenye sheria ya serikali, ila hakuna rubani wa mlimani atakayeruka bila mtu nyuma yake. Tangu ujauzito wangu Bwana Hozza alinikalia, alikaa yeye badala yangu. Alisema mama mwenye kichanga hana haja ya kuning'inia angani, nami nikashukuru, nikaona ni wema. Ulikuwa wema. Muda wote huo niliweka kiganja kwenye mabawa nisiyoyakalia, na huenda mtu anayejua atakaa nyuma ya bawa lake huchukua dakika moja zaidi kuchemsha maji ya kunawa.

"Uliyakalia mabawa mabovu, Bwana Hozza. Matano."

"Na nipo."

"Kwa bahati."

"Mimi na bahati tumeishi pamoja muda mrefu kuliko mimi na mke wangu." Hakucheka. "Fikiria. Sikulazimishi. Nikikulazimisha itakuwa nimekukalia na hilo."

Akaingia ndani. Nilibaki na Korongo. Sahani ya mhuri iko kwenye shina la bawa, chuma cha ukubwa wa kiganja. Nikaweka mkono juu yake, bila kugusa, nikaona ulivyotoshea.

*

Nyumbani kwa Sabina mlango ulikuwa wazi. Yeye na mimi tulikaa dawati moja darasa la jioni miaka minne, tukisoma hesabu za mafundi kwenye karakana hiyo hiyo baada ya watu kuondoka. Yeye alinishinda kwa hesabu, mimi nikamshinda kwa kuandika. Kisha akarudi kwenye viazi vyake, akasema mabawa hayaliki.

Nilimkuta amesimama anapiga pasi nepi, tumbo limemtangulia mezani.

"Karibu, shoga. Usiniambie nikae, nikikaa sinyanyuki. Hawa wawili wamegombania kitanda, mmoja kalala wima, mmoja kalala kama mlevi mlangoni." Akanitazama. "Nini?"

Nikamweleza yote. Mafuta, kiganja, umande. Nikamweleza na alilosema Bwana Hozza, maana sikutaka ajue nusu. Tunu alikuwa mgongoni anavuta nywele zangu.

Sabina hakuacha kupiga pasi. Alimaliza nepi moja, akaikunja, akachukua nyingine.

"Linaweza kukatika?"

"Linaweza kuruka mwaka. Linaweza kubanduka Ijumaa ukiwa katikati. Sijui. Hakuna anayejua, ndiyo shida yake."

"Nisiposhuka je?"

"Hilo unalijua kuliko mimi."

"Nalijua." Akaigeuza nepi upande wa pili. "Wewe ungempandisha Tunu humo?"

Nikapeleka mkono nyuma, nikamshika Tunu mguu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi njia nzima, na hilo halikuwemo.

"Basi umeshanijibu," akasema. "Na watu wa vijiji vya Mtonga na Shume Juu, na kila atakayeingia humo wiki hii hajui, hao nani atawauliza? Mimi angalau nimeulizwa."

"Sabina, nikifunga glaida nakufungia wewe."

"Usinililie hapa, Rukaiya, utaniloweshea nepi. Kaseme. Halafu unitafutie njia. Ijumaa yangu iko palepale, siisogezi kwa ajili ya mikono yako."

Akaibonyeza pasi. Ilikuwa ya mkaa, nzito, ya bibi yake, yenye jogoo mdogo wa chuma kwenye kifuniko. Mvuke ukapanda kwenye nepi mbichi. Nilikuwa naitazama bila kuiona, mpaka nikaiona.

"Hiyo pasi inafika joto gani?"

"Joto la pasi."

"Ukitia makaa machache? Matatu, kifuniko wazi?"

Akaitazama pasi mkononi mwake. Sabina wa darasa la jioni alikuwa amerudi machoni pake, yule aliyekuwa akimaliza hesabu kabla mwalimu hajageuka.

"Eneo la kiraka?" akauliza.

"Mita nusu kwa nusu, na zaidi kidogo pembeni."

"Pasi nne, zikizunguka. Watu wanne wa kuzisogeza, mmoja wa makaa, mmoja wa kipimajoto. Saa kumi, zamu mbili." Akaiweka pasi pembeni. "Darasa letu lina wanawake kumi na moja, na wote wana pasi. Leta kalamu."

*

Niliripoti Jumanne hiyo hiyo, saa tisa mchana. Sauti ya ofisi ya ukaguzi redioni ilikuwa ya kijana mstaarabu.

"Rudia, fundi. Kosa la nani?"

"Langu. Mikono yangu ilikuwa na mafuta. Mabawa matano, mhuri wangu."

"Nyuzi zinasema ni mazima."

"Nimezisikia. Na mimi nasema si mazima."

Nikasikia Korongo nyuma yangu akifunga usukani wake, tak, na nikajua kwamba katika viwanja vingine vinne sauti kama hiyo ilikuwa imesikika, na watu walikuwa wamegeuka kuangalia. Kijana alinisomea kifungu. Aliyesema kosa lake mwenyewe hulitengeneza chini ya macho ya mkuu wake, na mhuri wake unabaki mpaka shauri lisikilizwe. Langu litasikilizwa mwezi wa saba. Sijui watasema nini.

Jioni ikaja habari kutoka Mtonga. Kulikuwa na mzee wa kupelekwa chini asubuhi yake, kifua. Wamembeba kwa machela, vijana wanane wakipokezana. Bwana Hozza aliipokea, akanipa nisome mwenyewe. Sikula jioni ile. Idrisa mume wangu aliniwekea sahani mezani, akaiondoa, akaileta tena asubuhi ikiwa imepashwa.

Jumatano tulikibandua kiraka. Kilitoka kwa vidole, bila kisu, kama ganda la yai lililochemshwa. Bwana Hozza alikishika akaligeuza lile ganda kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza niliona mikono yake haina kazi.

"Safari arobaini," akasema polepole. Baadaye kidogo akasema tena, si kwangu.

Alhamisi alfajiri wanawake wa darasa la jioni walikuja na pasi zao, nyingine zimefungwa kwenye vitambaa kama vichanga. Bwana Hozza alisimama mlangoni na beseni la maji ya moto na bakuli la majivu.

"Onyesheni mikono. Mbele na nyuma."

"Bwana Hozza, mimi nina miaka hamsini na mbili."

"Na mafuta ya maandazi kwenye kucha. Rudia."

"Huyu angekuwa mkwe wangu ningemrudisha binti nyumbani," mmoja akasema, watu wakacheka, na wakarudia kunawa. Majivu yanakata mafuta kuliko sabuni yoyote, kila mmoja wetu aliosha masufuria kwayo utotoni. Mimi nilinawa mara tatu. Tunu hakuja. Alibaki na Idrisa, ambaye niliambiwa alimpaka mafuta mpaka mtoto akawa hashikiki.

Nikatandaza katani mpya, nikamimina gundi, nikatandaza kitambaa juu. Kisha pasi nne zikaanza kutembea. Ni kazi ya kuchosha kuliko inavyosikika. Ukisimama unaunguza, ukikimbia inapoa. Sabina tulimwekea kiti cha rubani kilichochakaa, kipimajoto mkononi, na akatutawala kama mwalimu mkuu. "Hamsini na mbili. Hamsini na nne, Mama Hiza, nyanyua, nyanyua. Arobaini na nane, nani kalala?" Nje ukungu ulikuwa umeziba hata winchi. Ndani kulikuwa na harufu ya mkaa na katani yenye joto, na jasho, na mtu alikuwa anakariri majedwali ya darasa la jioni kwa sauti ya chini ili asisinzie, na wengine wakamfuata. Adhuhuri zamu ikabadilika. Saa kumi na moja jioni Sabina akasema basi, zinatosha, nami nilipoachia mpini vidole vyangu havikutaka kunyooka.

*

Ijumaa ukungu ulikuwa umeshuka chini ya ukingo na kulala huko. Niligonga kiraka shubiri kwa shubiri. Ti. Ti. Ti. Nikampa Bwana Hozza sarafu, akagonga naye. Nikampa Sabina.

"Mimi sijui kusikiliza," akasema.

"Gonga tu."

Akagonga, sikio karibu na bawa, tumbo likiwa limeegemea upande. Akagonga muda mrefu kuliko sisi wote.

"Ni kama sahani," akasema mwishowe.

Nikaweka kiganja kwenye sahani ya mhuri. Chuma kilikuwa baridi. Usukani ukafunguka.

Bwana Hozza alikuwa ameshavaa koti lake la kurukia. Nilimwona anavyofunga vifungo bila kunitazama.

"Hapana," nikasema.

"Una mtoto, Mama Tunu."

"Ndiyo maana."

Akabaki ameshika kifungo cha mwisho. Kisha akalivua koti, akanivalisha, mikono ilinipita. Idrisa alikuwa kando ya winchi na Tunu begani. Hakusema nisiende. Alisema, "Umemnyonyesha?" Nikasema nimemnyonyesha saa kumi na mbili. Akaitikia kwa kichwa, akahesabu kwa vidole mpaka saa tatu.

Rubani wetu Salehe, ambaye huniita shemeji kwa kuwa alisoma na Idrisa, alinifunga mikanda.

"Shemeji, ukitapika, tapika upande wa kulia. Wa kushoto nimeupaka rangi juzi."

"Ruka, Salehe."

Winchi ikavuta. Nyasi zikawa mistari, kisha zikaisha. Ukingo ukapita chini yetu. Hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa upepo, na chini yake katani ya Korongo, ikinyooka na kujikunja kama mtu anayenyoosha mgongo asubuhi. Salehe akamgeuza kulia, akamgeuza kushoto kwa nguvu, jinsi sheria inavyotaka. Nilikuwa nimekiangalia kiraka tangu tuondoke. Kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, tofauti na bawa lote, kila mtu atakijua daima. Hakikusogea. Salehe akampiga tena kushoto, bawa likapinda juu mpaka nikaona mwisho wake ukigusa jua, nikajikuta nimeshika ukingo wa kiti. Hakikusogea.

Tulizunguka mara nne juu ya uwanja, kwa kimo ambacho winchi ilitupa. Kwa mbali, chini ya ukungu, kulikuwa na njia ya miguu ya Mtonga, na nilijaribu kuona machela, ingawa huwezi kuona mtu kutoka kule juu. Niliiangalia hata hivyo. Sikujua kama mzee amefika. Nilijua jina lake, nilikuwa nimeliuliza, nami nitalitaja mwezi wa saba kabla hawajaniuliza lolote.

Kisha kifua changu kikawaka, kile kichomo ninachokijua, na nikahisi joto linasambaa chini ya koti la Bwana Hozza. Maziwa yalikuwa yameshuka. Ilikuwa saa tatu kasoro. Mwili wangu haukujua kwamba uko angani, wala haukuwa na habari na kufuli wala mhuri. Ulijua tu kwamba kuna mtu anasubiri.

Nikaanza kucheka, machozi yakinipeperukia masikioni.

"Vipi huko nyuma?" Salehe akapiga kelele. "Kuna kitu?"

"Hakuna kitu. Tua."

"Tumalize mzunguko wa tano?"

Uwanjani, wadogo kama punje, niliwaona wamesimama karibu karibu. Idrisa alikuwa amemwinua Tunu juu ya kichwa chake. Pembeni yao alikuwepo Sabina, na mfuko wake wa safari ulikuwa tayari mkononi.

"Tua," nikasema. "Mmoja ana njaa, na mwingine ni zamu yake."